Hesabu za nyumbani hatua kwa hatua: kuanzia MAGAZIJUTO hadi kutafuta x

Kwa nini 10 − 4 + 3 ni 9, wakati MAGAZIJUTO (neno la kukumbukia mpangilio wa vitendo) inasema tujumlishe kabla ya kutoa? Hiyo x imetoka wapi? Nimefuata hatua zote, mbona jibu si la kitabuni? Maswali haya hayaishi. Anauliza mwanafunzi wa darasa la sita, anauliza wa kidato cha kwanza, anauliza na mzazi aliyeletewa daftari saa 2 usiku huku hesabu za sehemu alishazisahau zamani. Hapa tunayajibu kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda: kulisoma swali, kulikokotoa, kulikagua, na kulisaka kosa lililojificha. Mwenye haraka asome Hatua ya 2, Hatua ya 7 na sehemu ya kukwama iliyo mwishoni.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari, na karatasi ya pembeni ya kukokotolea. Kuzidisha na kugawanya kwa mkono kufanyike pembeni, ili ndani ya daftari ibaki mistari ya swali tu.
- Penseli iliyochongwa na rula. Kifutio kiweke mbali. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uandike upya chini yake, maana mstari uliofutwa haukaguliki tena.
- Tebo ya 2 mpaka ya 12. Kama hazijakaa kichwani, ziandike kwenye kipande cha boksi uziweke mezani. Anayehesabu vidole ili apate 7 × 8 huchoka kabla hajafika kwenye herufi, kisha husema aljebra ni ngumu. Kilichomchosha ni tebo ya 7.
- Kikokotoo, lakini kwa kukagulia tu. Na kijaribu kwanza: bonyeza 2 + 3 × 4 =. Kikitoa 14, kinafuata mpangilio wa vitendo. Kikitoa 20, ni kile cha dukani kinachofanya kila kitendo papo hapo unapobonyeza. Hicho utakilisha kitendo kimoja kimoja.

Na sharti moja litakalotumika kila mahali humu: mstari mmoja, badiliko moja. Usifungue mabano, ukahamisha na kugawanya kwa mpigo. Alama za sawasawa zipange moja chini ya nyingine, kama safu ya vifungo vya shati. Faida yake utaiona kule mwisho tutakapokuwa tunasaka kosa.

Hatua ya 1: Soma swali linataka ufanye nini

Nakili swali lote, kisha piga mstari chini ya neno la amri. "Kokotoa" linataka namba. "Rahisisha" linataka umbo fupi zaidi, na mara nyingi jibu litabaki na herufi ndani yake. "Tafuta thamani ya x" linataka x iwe namba, na lazima swali liwe na alama ya sawasawa.

Wengi wanateleza hapa kabla hata ya kuanza. Wanapewa "Rahisisha 4x + 6 + 2x", wanafika 6x + 6, mikono inawasha, wanaongeza "= 0" ambayo hakuna aliyewapa, na kuandika x = −1. Swali lilikuwa limeishia 6x + 6.

Kosa jingine ni kuitumia alama ya sawasawa kama "halafu". Ukiandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16, umesema 5 + 3 ni sawa na 16. Andika mistari miwili: 5 + 3 = 8, kisha 8 × 2 = 16.

Hatua ya 2: Panga vitendo kwa MAGAZIJUTO, lakini isome vizuri

MAbano, GAwanya, ZIdisha, JUmlisha, TOa. Neno hili limesaidia vizazi vya wanafunzi wa shule za msingi Tanzania. Lina mtego mmoja tu, nao uko mkiani.

GA kabla ya ZI haileti madhara. Chukua 2 × 24 ÷ 6. Ukigawanya kwanza unapata 2 × 4 = 8; ukienda kutoka kushoto unapata 48 ÷ 6 = 8. JU kabla ya TO ndiyo yenye mtego. Katika 10 − 4 + 3, anayejumlisha kwanza hufanya 4 + 3 = 7, kisha 10 − 7 = 3. Amekosea, kwa sababu ile 4 si 4 tupu. Ni "toa 4". Alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo na haiachi nyuma. Ukitaka kujumlisha kwanza, kusanya zenye alama ya kujumlisha peke yake, 10 + 3 = 13, kisha utoe 4: inabaki 9. La sivyo, fanya kujumlisha na kutoa kwa pamoja kutoka kushoto kwenda kulia. Njia zote mbili zinakupeleka kwenye 9.

Mfano mzima:

48 ÷ (2 + 6) × 3 − 7 + 5
= 48 ÷ 8 × 3 − 7 + 5
= 6 × 3 − 7 + 5
= 18 − 7 + 5
= 11 + 5
= 16

Aliyepata 6 amefanya 7 + 5 kwanza. Aliyepata 0 amefanya 8 × 3 = 24 kabla ya kugawanya, akapata 48 ÷ 24 = 2, na 2 − 7 + 5.

Angalizo tatu. Vipeo havimo kwenye neno MAGAZIJUTO, lakini vinakuja baada ya mabano na kabla ya kugawanya: 2 × 3² ni 2 × 9 = 18, si 6² = 36. Neno "ya", kama katika 1/2 ya 12, ni kuzidisha, na lifanye mara tu baada ya mabano. Zikifuatana ÷ mbili, anza kushoto: 24 ÷ 4 ÷ 2 = 6 ÷ 2 = 3.

Ukifika sekondari utakuta jambo hilihili linaitwa BODMAS, neno la aina hiyohiyo kwa Kiingereza. Mtego wa mkiani ni uleule.

Hatua ya 3: Namba hasi zihesabu kama deni

Una deni dukani la shilingi 700. Umelipa 300, limebaki la 400: −700 + 300 = −400. Badala ya kulipa, umekopa tena 300: −700 − 300 = −1,000. Mwenye duka akifuta deni la 200 alilokuwa anakudai, wewe umepata nafuu ya 200, ndiyo maana 500 − (−200) = 700.

Ile kauli ya "hasi na hasi ni chanya" imewaponza wengi kwa sababu husemwa nusu. Inafanya kazi unapozidisha au kugawanya, (−4) × (−3) = 12, na pale alama mbili zinapokutana bila namba katikati, kama 5 − (−2). Haifanyi kazi kwenye −7 − 3. Hizo ni deni mbili, na deni mbili hazikufanyi tajiri: jibu ni −10.

Tofautisha pia (−3)², ambayo ni 9, na −3², ambayo ni −9. Bila mabano kipeo kinaishika 3 peke yake.

Hatua ya 4: Sehemu

Kwenye kujumlisha na kutoa, asili (namba za chini) lazima zifanane kwanza. Kwenye kuzidisha na kugawanya, hakuna haja hiyo. Ukizichanganya kanuni hizi mbili, umekwisha.

2/3 + 3/4. Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 3 na 4: ni 12. Ulizidisha asili kwa ngapi? Zidisha na kiasi (namba ya juu) kwa hiyohiyo.

2/3 + 3/4
= 8/12 + 9/12
= 17/12
= 1 5/12

Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini hupata 5/7. Mwonyeshe hivi: 2/3 inazidi nusu, 3/4 nayo inazidi nusu. Nusu mbili za chapati tayari ni chapati nzima; jumla lazima ipite 1, na 5/7 haifiki hata 1. Mkadirio huo wa sekunde mbili unakamata kosa bila kurudia hesabu.

Namba mchanganyiko zibadilishe kuwa sehemu guni (zenye namba ya juu kubwa kuliko ya chini) kabla ya kuanza. Mwanafunzi akiacha 3 1/4 − 1 2/3 kama ilivyo, atafika 1/4 − 2/3, atageuza kinyemela iwe 2/3 − 1/4, na jibu litaharibika.

3 1/4 − 1 2/3
= 13/4 − 5/3
= 39/12 − 20/12
= 19/12
= 1 7/12

Kugawanya: ya kwanza iache, alama igeuke kuwa ×, ya pili ipinduliwe. 3/4 ÷ 2/5 = 3/4 × 5/2 = 15/8 = 1 7/8. Wanaopindua ya kwanza hupata 8/15. Wanaopindua zote mbili hupata 10/3, na hao ni wengi kuliko unavyodhani.

Kufupisha kwa kukata juu na chini kunaruhusiwa kati ya namba zinazozidishwa tu. Katika (4 + 6)/4 usikate zile 4 ubaki na 6. Jumlisha kwanza: 10/4, kisha fupisha: 5/2, yaani 2 1/2.

Hatua ya 5: Namba kubwa, desimali na asilimia

Desimali: kwenye kujumlisha na kutoa panga nukta chini ya nukta, si tarakimu ya mwisho chini ya tarakimu ya mwisho. 3.5 + 0.27 iandike 3.50 + 0.27 = 3.77. Kwenye kuzidisha sahau nukta kwanza, kisha hesabu tarakimu zilizo kulia kwa nukta kwenye namba zote mbili: 0.3 × 0.2 zina tarakimu mbili, kwa hiyo 6 inakuwa 0.06.

Kutoa kwenye sifuri nyingi, kama 5,003 − 1,247, huwatoa watu jasho kwa kukopa kunakopita sifuri mbili. Punguza 4 pande zote: 4,999 − 1,243. Tofauti haibadiliki na hakuna cha kukopa: 3,756.

Kugawanya kwa kirefu kuna sifuri inayopotea katikati. 3,618 ÷ 6 si 63. Ukishusha 1, sita haimo ndani yake, kwa hiyo andika 0 juu kabla ya kushusha 8. Jibu ni 603. Kadiria: 3,600 ÷ 6 ni 600, sasa 63 imetoka wapi?

Asilimia za kawaida ni rahisi. Shati la shilingi 45,000 lenye punguzo la 15%: 45,000 × 15/100 = 6,750, unalipa 38,250. Shida huanza swali linaporudi nyuma: "Baada ya punguzo la 20% kiatu kinauzwa shilingi 24,000. Bei ya awali ilikuwa ngapi?" Wengi hutafuta 20% ya 24,000, wakaiongeza, wakapata 28,800. Lakini ile 20% ilikatwa kwenye bei ya zamani, siyo kwenye 24,000. Jiulize 24,000 ni asilimia ngapi ya bei ya awali. Ni 80%. Basi 24,000 ÷ 80 × 100 = 30,000. Kagua: 20% ya 30,000 ni 6,000, na 30,000 − 6,000 = 24,000. Kwa faida na hasara fuata njia hiyohiyo: 100% ni bei ya kununulia, isipokuwa swali liseme vinginevyo.

Hatua ya 6: Rahisisha herufi

Herufi ni jina la namba usiyoijua bado. 5a + 3b ni kama maembe matano na machungwa matatu. Huwezi kusema "maembechungwa manane". Kusanya za jamii moja, kila moja ikitembea na alama yake:

5a + 3b − 2a + b
= 5a − 2a + 3b + b
= 3a + 4b

Herufi isiyo na namba mbele yake ina 1, kwa hiyo b ni 1b. Na x + x ni 2x, ila x × x ni x².

Mabano: namba ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, siyo cha kwanza tu. 3(x + 4) = 3x + 12. Ikiwa nje ni hasi, kila alama ya ndani inageuka: −2(x − 5) = −2x + 10. Yaliyo hatari zaidi ni mabano yenye alama ya kutoa peke yake mbele. Katika 7 − (x − 3) chora 1 ndogo mbele ya mabano, 7 − 1(x − 3), ndipo ufungue: 7 − x + 3 = 10 − x. Aliyepata 4 − x amesahau kuigeuza ile 3.

Hatua ya 7: Tafuta x

Mlinganyo ni mizani ya sokoni. Ukitoa kilo moja kushoto, toa kilo moja kulia, la sivyo sahani inaanguka. Wengi wamefundishwa njia ya mkato: "ikivuka alama ya sawasawa, badili alama". Njia hiyo ni sahihi kwa kujumlisha na kutoa, lakini ukiikariri bila mizani itakuangusha kwenye kuzidisha. Ndiyo inayozaa 3x = 12, kisha x = 12 − 3 = 9. Ile 3 haijajumlishwa na x, inaizidisha; inaondolewa kwa kugawanya: x = 4.

(Neno aljebra lenyewe linatokana na Kiarabu, al-jabr, kuunga kilichovunjika, kama mfupa. Katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi alilitumia kwa kitendo hikihiki: upande mmoja umepunguziwa kitu, unakirudisha, na upande wa pili unauongezea kiasi hichohicho.)

Fuata mpangilio huu:

1. Ondoa sehemu, kama zipo, kwa kuzidisha kila kitu kwa KDS ya asili.
2. Fungua mabano.
3. Rahisisha kila upande peke yake.
4. Kusanya zenye x upande mmoja. Chagua upande wenye x nyingi ili usiangukie kwenye hasi.
5. Kusanya namba tupu upande wa pili.
6. Gawanya kwa namba iliyo mbele ya x.
7. Rudisha jibu kwenye swali la awali.

Tuone:

5x − 7 = 2x + 11
3x − 7 = 11 (toa 2x pande zote)
3x = 18 (ongeza 7 pande zote)
x = 6 (gawanya kwa 3)

Kagua: kushoto 5 × 6 − 7 = 23; kulia 2 × 6 + 11 = 23. Zimelingana, funga swali.

Maelezo yale ndani ya mabano yaandike kwenye daftari lako mpaka uzoee. Yanakulazimisha kusema ulichofanya, na kitu usichoweza kukisema huenda hukupaswa kukifanya.

Lenye sehemu:

(2x − 1)/3 = (x + 4)/2
2(2x − 1) = 3(x + 4) (zidisha pande zote kwa 6)
4x − 2 = 3x + 12
x − 2 = 12
x = 14

Kagua: 27/3 = 9 na 18/2 = 9.

Onyo: "kila kitu" kwenye namba 1 maana yake ni kila kitu. Katika x/4 + 3 = 8, ukizidisha kwa 4 unapata x + 12 = 32, na x = 20. Anayeisahau ile 3 huandika x + 3 = 32, akapata 29. Mengine madogo: 4x = 10 ni x = 10/4, si 4/10; namba iliyoshikana na x ndiyo inayokwenda chini. Na −x = 5 haijaisha; zidisha pande zote kwa −1, x = −5.

Hatua ya 8: Mafumbo, yaani hesabu za maneno

Usianze na namba. Anza na swali la mwisho: wanataka nini? Hicho, au kile kidogo zaidi kati ya vinavyohusika, kiite x, na uandike kwa maneno: "Fedha za Juma = x".

"Asha na Juma wana jumla ya shilingi 9,600. Asha ana shilingi 1,200 zaidi ya Juma. Kila mmoja ana kiasi gani?"

Juma = x
Asha = x + 1,200
x + x + 1,200 = 9,600
2x + 1,200 = 9,600
2x = 8,400
x = 4,200

Juma 4,200, Asha 5,400. Kagua masharti yote mawili: jumla 9,600, tofauti 1,200. Wanaogawanya 9,600 kwa 2 na kuongeza 1,200 kwa Asha hupata 6,000 na 4,800, jumla 10,800. Wanaompunguzia Juma papo hapo hupata 6,000 na 3,600: jumla imetimia, lakini tofauti imekuwa 2,400. Huyu wa pili ndiye wa kuogopa, maana akikagua sharti moja tu ataona yuko sawa.

Mafumbo ya umri yana mtego wake: miaka ikipita, inapita kwa wote. "Umri wa mama ni mara 3 ya umri wa Neema. Baada ya miaka 12 utakuwa mara 2 ya wa Neema." Leo ni x na 3x. Baadaye ni x + 12 na 3x + 12. Kwa hiyo 3x + 12 = 2(x + 12), inatoka x = 12. Leo Neema ana 12 na mama 36. Baadaye 24 na 48. Aliyeandika 3x + 12 = 2x amemzeesha mama na kumwacha mtoto palepale.

Maneno ya kuangalia: "toa 5 kutoka x" na "5 pungufu ya x" yote ni x − 5, siyo 5 − x. "Mara 3 ya jumla ya x na 4" ni 3(x + 4); neno "jumla ya" linaomba mabano.

Halafu kuna saa zetu. "Basi liliondoka saa 11 alfajiri, likafika saa 3 asubuhi. Lilitumia saa ngapi?" Anayetoa 11 − 3 anapata 8. Pitia saa 12: kutoka 11 hadi 12 ni saa 1, kutoka 12 hadi 3 ni saa 3, jumla saa 4. Swali likitaka mtindo wa saa 24, ongeza 6 kwa saa za asubuhi, mchana na jioni (saa 3 asubuhi ni 0900, saa 10 jioni ni 1600), na ongeza 18 kwa saa za usiku na alfajiri. Ikifika 24 au kupita, toa 24 (saa 2 usiku ni 2000, saa 8 usiku ni 0200). Saa 12 asubuhi pekee haifuati kundi lake, ni 0600.

Vizio navyo vilinganishwe kabla ya kukokotoa: gramu na gramu, sentimita na sentimita. Kumbuka mita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, siyo 100. Jibu la fumbo bila kizio halijakamilika.

Ukikwama

Jibu langu si la kitabuni. Kwanza ona kama ni lilelile kwa sura nyingine: 17/12 na 1 5/12, au 1/2 na 0.5. Kama ni tofauti kweli, rudisha la kwako kwenye swali. Pande mbili zikilingana, ulinakili swali tofauti au kitabu kimekosea kuchapa. Kurasa za majibu nazo huchapwa na binadamu.

x imepotea. Ukifika 3 = 7, mlinganyo hauna jibu, mradi hukukosea njiani; 2x + 3 = 2x + 7 ni wa aina hiyo. Ukifika 6 = 6, namba yoyote inafaa, kama katika 2(x + 3) = 2x + 6. Yote mawili ni majibu halali, yaandike hivyo.

Nimepata sehemu ya ajabu, kama 11/7. Si lazima iwe kosa. Ikagulie. Lakini kama fumbo liliuliza idadi ya wanafunzi na una 4 1/2, rudi kwenye mstari wa kwanza wa mlinganyo; hapo ndipo maneno yalipogeuzwa vibaya.

Programu ya simu inayopiga picha swali inatoa jibu jingine. Angalia kwanza imesoma nini. Mwandiko wa mkono huichanganya: x huwa alama ya kuzidisha, 5 huwa s. Itumie kulinganisha mstari kwa mstari baada ya wewe kumaliza.

Najua nimekosea, sijui wapi. Hapa ndipo ile sharti ya mstari mmoja, badiliko moja inapolipa. Mwanafunzi ameandika:

4(x − 2) = x + 10
4x − 2 = x + 10
3x − 2 = 10
3x = 12
x = 4

Chukua jibu lake hilohilo, 4, ulipandishe kutoka chini, mstari baada ya mstari. 3 × 4 = 12, sawa. 12 − 2 = 10, sawa. 16 − 2 = 14 na 4 + 10 = 14, sawa. Mstari wa juu kabisa: 4 × 2 = 8, lakini kulia ni 14. Umevunjika. Kosa liko kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na sasa unaliona: 4 haikuizidisha 2. Sahihisha iwe 4x − 8 = x + 10, na x inatoka 6. Hukuhitaji jibu la kitabuni. Kama kuna makosa mawili, njia hii itakuonyesha la chini kwanza. Lirekebishe, kokotoa upya, panda tena.

Ikiwa umepanda na kuona mahali palipovunjika lakini huelewi kwa nini, weka nyota kati ya mistari hiyo miwili na uende na daftari kwa mwalimu kesho. Muulize kuhusu nyota hiyo tu.